Ufa Uliojaa Maji

Ratemo mwana wa Onsongo alizaliwa Tabaka, huko Kisii, ambako mtoto hushika jiwe kabla hajashika kijiko. Anayedhani huko ni kutia chumvi na aende ajionee. Njia za huko ni nyeupe kwa vumbi la jiwe la sabuni, sare za shule ni nyeupe, hata nyusi za akina mama wanaotoka mtoni kusugua vinyago ni nyeupe. Jiwe lenyewe ni laini, hukatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu. Watu wamelichimba tangu enzi za babu zao, wakachonga bakuli, mabao, viboko na twiga, ingawa twiga wenyewe wengi wao hawakuwahi kuwaona hata mara moja.

Kila mchimbaji wa Tabaka anajua kugonga jiwe na kulisikiliza. Lililo zima hulia, lenye ufa hukohoa. Lakini Ratemo alikuwa na sikio la kuudhi. Miaka ile ya sitini, akiwa kijana ambaye hata ndevu hazijamjaa, angepita mahali mtu amekaa siku nne akichonga tembo, akakigonga kinyago kwa ukucha na kusema, "Hii itapasuka shingoni." Na ingepasuka shingoni. Hakuna anayempenda mtu wa namna hiyo, lakini wote walimwita kabla hawajanunua jiwe.

Aliyempenda bila masharti alikuwa mdogo wake, Onyancha. Huyo hakuwa na sikio lolote. Alikuwa na mabega mapana, kicheko cha ovyo, na imani kwamba lolote alilosema kaka yake ni sawa na lililoandikwa. Ratemo akisema kata hapa, Onyancha alikata hapo. Akisema acha, aliacha, hata kama sururu imeshainuliwa juu.

Mwaka wa sabini na tatu Ratemo alikuwa Masimba, amepanga vinyago kando ya barabara, Mzungu mmoja aliposimamisha Landrova. Akachagua kiboko kikubwa. Ratemo akakichukua mkononi mwake, akakigonga, akatikisa kichwa.

"Usichukue hiyo. Iko na ufa ndani."

Mzungu akakigeuzageuza, hakuona kitu. Ratemo akakipiga kidogo kwenye bampa ya gari, kiboko kikagawanyika vipande viwili kana kwamba kimekatwa na msumeno. Mzungu akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha kama Ratemo angependa kazi ya kusikiliza jiwe kubwa zaidi. Wiki mbili baadaye Ratemo alikuwa kaskazini, ng'ambo ya Garissa, kwenye jangwa ambalo hata nzi wake walionekana wamechoka.

Kampuni ilikuwa inatafuta gesi. Yule Mzungu, ambaye vibarua walimwita Bwana Kamba kwa sababu ya nyaya alizozikokota kutwa nzima, alikuwa mkubwa wa kupima mitikisiko. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi walitandaza waya maili nzima, na kila baada ya hatua kadhaa wakachomeka ardhini kidude cha chuma chenye msumari chini. Kidude hicho kilisikia mtikisiko wa ardhi, basi wao wakakiita sikio. Kisha shimo likachimbwa, baruti ikateremshwa, watu wakarudi nyuma wakalala chini. Ardhi ikaruka teke moja. Mtikisiko ukashuka mpaka kwenye miamba ya chini kabisa, ukarudi juu, na ndani ya lori mashine ikauchora kwenye karatasi ndefu yenye mistari ya kutetemeka.

Bwana Kamba alikuwa na jambo lake ambalo hata Wazungu wenzake walimcheka nalo. Alisema gesi iliyo ndani ya mwamba mzima haina faida, imefungiwa humo kama chumvi ndani ya nyama. Mwamba wenye nyufa za asili ndio unaoitoa, kwa sababu gesi hupita kwenye nyufa hadi kisimani. Kwa hiyo alipima kila mahali mara mbili, kwanza waya umelazwa kaskazini hadi kusini, halafu mashariki hadi magharibi.

"Wewe mtu ya Kisii, unajua shamba ya chai," alimwambia Ratemo. "Ukifuata mistari, unapita haraka. Ukikata mistari, unakwama kwa miti. Mtikisiko ni hivyo. Ukifuata nyufa, inakimbia. Ukikata nyufa, inachelewa. Upande moja haraka, upande ingine pole, basi nyufa iko, na mimi najua imelala namna gani."

Ratemo alishangaa sana. Maisha yake yote ufa ulikuwa laana, kitu cha kumfanya mtu atupe kazi ya siku nne. Hapa watu wazima wenye vyeti walikuwa wakiomba Mungu awape nyufa. Lakini alielewa haraka kuliko wengine wote, na ndani ya mwaka mmoja Bwana Kamba alikuwa akimwonyesha karatasi na kumuuliza anaonaje.

Kuna mara moja karatasi ilidanganya. Mahali fulani pande zote mbili zilionyesha mwendo sawasawa, Bwana Kamba akaandika kwamba mwamba ni mzima. Wachimba visima walikuwa wameshaanza kutoboa, hawakumngoja. Mwamba ukatoka umevunjikavunjika, na kila ufa umejaa maji ya chumvi. Bwana Kamba alikaa juu ya sanduku siku tatu bila kunyoa ndevu.

"Maji," Bwana Kamba alimwambia Ratemo alipomletea chai. "Ufa yenye hewa, yenye gesi, inazuia mtikisiko. Ufa yenye maji inavusha. Maji ni daraja. Kwa karatasi unaona ukuta mzima, kumbe imevunjika yote."

Ratemo alimwonea huruma. Hata hivyo siku ile mfukoni alikuwa na barua kutoka nyumbani, ikisema Onyancha amepata mchumba, msichana aitwaye Eucabeth, na mawazo yake yalikuwa huko. Alisikia maneno ya Bwana Kamba jinsi mtu anavyosikia mvua akiwa ndani ya nyumba.

Gesi haikupatikana. Mwaka wa sabini na sita kambi ilivunjwa, Bwana Kamba akaenda kwao, na Ratemo akarudi Tabaka na koti la turubai na vitabu viwili vyenye michoro. Onyancha alikuwa na mke na mtoto mchanga. Watu walimpokea Ratemo kwa heshima ambayo hakuwahi kupewa. Wakamwita Injinia. Angeweza kukataa, angeweza kusema mimi nilikuwa mtu wa kuchomeka misumari tu. Hakukataa. Jina lilimkaa vizuri, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kama kuna anayetaka kujua yalianzia wapi.

Onyancha alichimba katika kundi la watu kumi na wawili chini ya mzee Obadiah Machogu, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Machimbo yao yalikuwa yameingia ndani ya kilima kama kibanda kisicho na mlango, na huko ndani kulikuwa na ukuta wa jiwe bora kuliko yote, jeupe lenye mishipa ya rangi ya waridi, kimo cha watu wawili. Walikuwa na desturi yao. Jiwe la sabuni likiwa na maji hukatika kirahisi, kwa hiyo kila jioni akina mama walipanda na madebe kutoka mtoni, wakaumwagia ukuta maji na kuufunika kwa majani ya migomba, ili asubuhi panga liingie bila ubishi. Ijumaa waliumwagia maradufu kabla jua halijazama, kwa sababu Jumamosi hakuna mkono unaogusa kazi, na ukuta haukupaswa kukauka mpaka Jumapili.

Mwezi wa Aprili wa mwaka wa sabini na saba, mvua ikiwa imeshika, mtu mmoja aliona changarawe ikidondoka kutoka juu ya ukuta huo. Obadiah akasimamisha kazi. Alikuwa mtu mwangalifu, jambo hilo lazima lisemwe.

"Hatuingii mpaka Ratemo apime," alisema. "Yeye ndiye amesomea hiyo kitu."

Ratemo alikuja Jumapili asubuhi na koti lake la turubai. Nusu ya kijiji ilikuja kuangalia. Akaondoa majani ya migomba yaliyolowa, akagonga kila mahali kwa nyundo. Halafu akafanya kama Bwana Kamba. Akamweka Onyancha mwisho mmoja wa ukuta agonge, yeye akabandika sikio mwisho wa pili. Kisha Onyancha akapanda juu ya ngazi agonge, yeye akalala chini asikilize. Upande hata upande, sauti ilikuja safi, ya haraka, bila kikohozi. Alirudia mara tatu. Maji yalimchuruzika shingoni kutoka kwenye jiwe, akayafuta kwa mkono na kuendelea kusikiliza.

"Liko zima," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Ukuta huu mnaweza kuufuata mpaka ng'ambo ya kilima."

Watu wakashangilia kidogo. Onyancha akachukua mtaimbo wake akauweka begani.

"Si niliwaambia," alisema, na akacheka kile kicheko chake.

Ukuta ulianguka Jumatatu saa nne za asubuhi. Watu wanane walikuwa ndani, saba wakatoka mbio wakiwa weupe kama waliotoka kwenye unga. Aliyebaki alikuwa Onyancha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mbele, akikata mahali kaka yake alipoonyesha.

Ratemo alikimbia kutoka nyumbani bila viatu. Alipofika, kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa kifusi. Aliona juu, mahali ukuta ulipong'oka. Hapo palikuwa na uso wa jiwe laini, mpana kuliko mlango wa kanisa, wa rangi ya kutu, na maji yalikuwa bado yanamwagika kutoka humo kama debe lililopinduliwa. Haukuwa ufa wa jana. Ulikuwa ufa mkuukuu, umekaa humo miaka na miaka, umejaa maji ya akina mama na maji ya mvua mpaka pomoni, na jana yake aliusikiliza mara tatu akasema hamna kitu. Maneno ya Bwana Kamba yalimrudia yote pamoja, hata harufu ya chai. Akakaa chini kwenye tope. Angeomba ardhi imfunike na yeye, lakini ardhi haipokei maombi ya namna hiyo.

Ndipo mtu mmoja akapaza sauti, "Nyamazeni."

Wakanyamaza. Kutoka ndani ya kifusi ulitoka mlio wa nyundo. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Onyancha alikuwa hai. Eucabeth, mkewe, aliyekuwa amefika akiwa na mtoto mgongoni, aliweka mikono kinywani na kuanza kulia kwa furaha. Mama yao, mzee Mong'ina, aliyeletwa akishikwa mikono miwili, alimshika Ratemo koti.

"Mtoe mdogo wako," alimwambia. "Wewe unasikia mawe. Mtoe."

Kifusi kilikuwa kimejaza mdomo wote wa machimbo. Upande wa kulia lilikuwa limelala bonge moja kubwa la jiwe zima, na nyuma yake mengine makubwa. Upande wa kushoto kulikuwa na vipande vidogovidogo, changarawe na udongo, lundo lililolegea. Watu walitega masikio kila mahali, na wote walikubaliana. Kulia nyundo ilisikika kama iko chumba cha pili. Kushoto ilikuwa hafifu, ya kudhaniwa tu. Kwa hiyo Onyancha yuko kulia, nyuma ya bonge.

Ratemo alisikiliza kulia, kisha akaenda kushoto akalala kifudifudi juu ya changarawe, akaziba sikio moja. Nyundo ilikuwa hafifu, kweli. Lakini baada ya kila pigo alisikia kitu kingine. Ilikuwa chembe za jiwe zikianguka, tss, tss, kama mtama unaomwagwa kwenye ungo. Nyundo ikigonga jiwe zima, sauti yake husafiri mbali, humfikia yeyote aliye mwisho wa pili. Lundo lililolegea lina mianya ya hewa, humeza sauti. Lakini mlio mdogo wa chembe hausafiri popote. Anayeusikia yuko karibu nao. Mdogo wake alikuwa kushoto, labda hatua nne kutoka alipolalia, labda tatu. Nyundo yake ndiyo iliyokuwa inagusa lile bonge la kulia.

Alijua. Alijua kama anavyojua jina lake.

"Ratemo," Obadiah alimwita. Mzee alikuwa ameshawapanga watu, amewapa wengine mitaimbo, wengine mabeleshi, na wote walikuwa wamesimama wakingoja. Hawakuwa wengi wa kutosha kuchimba pande mbili. "Sisi tunasikia kulia. Wewe unasemaje?"

Macho yote yalimgeukia, na Ratemo aliona kitu ambacho jana hakikuwemo. Hawakumtukana. Walimwangalia tu, jinsi watu wanavyomwangalia dereva aliyepindua gari, anapoomba ufunguo wa gari lingine. Nyuma yao maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye ufa wa rangi ya kutu. Jana sikio lake lilikuwa na uhakika vilevile. Jana pia alijua kama anavyojua jina lake. Akisema kushoto, na kushoto kusiwe na mtu, atakuwa amemuua ndugu yake mara mbili kwa mdomo uleule.

"Sijui," alisema.

"Hujui kabisa?"

"Sijui, mzee."

Obadiah akatikisa kichwa taratibu, akaomba sala fupi, na watu wakaenda kulia.

Walichimba Jumatatu yote mpaka giza likawafukuza. Jumanne walirudi kabla jogoo hajamaliza, na watu zaidi wakatoka upande wa misheni na mitaimbo yao. Bonge halikuwa mchezo. Lilikuwa jiwe lile bora, zima kweli, na mitaimbo ililidonoa bila kulitikisa. Mvua ikaanza tena. Mikono ikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, na hakuna aliyesimama. Eucabeth alibeba udongo kwa karai pamoja na wanaume, maziwa yakimlowesha kifuani kwa sababu mtoto aliachwa nyumbani. Kila baada ya muda walinyamaza wasikilize. Ko, ko, ko. Halafu, mchana wa Jumanne, ko, ko. Wakapiga kelele wakimtia moyo, wakaimba wimbo wa kanisani ili ausikie.

Mchana huohuo Ratemo alitoka kimyakimya akaenda kushoto. Akaanza kufukua changarawe kwa mikono, haraka haraka, akiirusha nyuma kama mbwa. Alikuwa amefika kiwikoni Obadiah alipomwona.

"Kijana, unafanya nini huko? Yuko huku. Kila mkono unatakiwa huku."

Hapo palikuwa na nafasi nyingine. Mlango ulifunguliwa mbele yake, na sentensi moja ingetosha. Alifungua kinywa. Akawaza, na kama ni uongo? Akawaza vile watakavyomwambia, ulituondoa kwenye njia ya kweli. Akafunga kinywa, akainuka, akapangusa mikono kwenye koti, na kurudi kulia kushika mtaimbo kama wengine. Watu wenye huruma watasema alichanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Alitaka mtu mwingine achague, ili likitokea la kutokea yeye awe na mikono safi, na jambo hilo halina jina lingine zuri la kuliita.

Jumatano asubuhi walinyamaza wasikilize, na hapakuwa na kitu. Wakangoja. Mzee Mong'ina, aliyekuwa amekaa kwenye jani la mgomba tangu Jumatatu bila kula, aliita jina la mwanawe mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita chakula kipo tayari. Wakangoja tena.

Saa tatu bonge lilikuwa bado limekaa palepale. Obadiah akatupa mtaimbo chini, akasema pengine wajaribu kule kwenye changarawe, maana huku hakupitiki. Wakahamia kushoto. Ratemo alisimama pembeni, akaangalia mabeleshi yakiingia kwenye lundo kana kwamba ni mahindi. Hawakutumia hata asubuhi nzima. Kabla ya adhuhuri beleshi la mtu mmoja liligonga kitu laini, naye akaruka nyuma. Ulikuwa mguu.

Onyancha alikuwa kwenye upenyo mdogo, bila jeraha kubwa, nyundo ikiwa bado mkononi. Hakupondwa. Alikosa hewa, na uzito wa kifua ukammaliza pole pole. Kucha za mkono wake wa kushoto zilikuwa zimekwisha, kwa sababu na yeye alikuwa akichimba, akija upande uleule waliomfuatia mwishoni. Kutoka vidoleni mwake hadi kwenye shimo dogo alilofukua Ratemo mchana wa Jumanne, mpini mmoja wa jembe ungefika.

Walimzika Alhamisi nyuma ya nyumba yake. Siku ya tatu baada ya maziko, ukoo ulikaa kuzungumza mambo ya boma, wanaume kwenye viti na mabenchi, wanawake kwenye mikeka karibu na jiko. Binti mdogo wa Onyancha, Kemuma, ambaye bado alikuwa anajifunza kusimama, alitambaa akapanda magotini kwa Ratemo na kulala humo. Hakuna aliyemwondoa.

Obadiah alizungumza kwanza. Alisema ukuta ulimdanganya kila mtu na sauti ikamdanganya kila mtu, na kwamba mwanadamu hawezi kujua lililo ndani ya mwamba, Mungu peke yake ndiye anayejua. Watu wakaitikia. Kisha akasema sharti boma lipate msimamizi wa kulima, kusomesha mtoto na kusimama mahali pa marehemu, na kwamba kwa desturi ni kaka yake, lakini mjane mwenyewe aseme kama anamtaka, maana kuna maneno yanayozungumzwa kuhusu ile Jumapili.

Eucabeth alisimama. Alikuwa na sauti ndogo iliyokauka.

"Mimi nimesikia hayo maneno," alisema. "Kuhusu ukuta, shemeji alikosea. Kila mtu hukosea. Mume wangu mwenyewe angemsamehe kabla mimi sijafungua mdomo. Lakini nilikuwa pale Jumatatu. Kila mtu alijifanya anajua, huku wakielekeza kulia. Shemeji peke yake alikuwa na ukweli wa kusema hajui. Mtu kama huyo simwogopi. Asimamie boma."

Manung'uniko ya kukubali yakapita kwa wazee. Mama Mong'ina akaanza kulia kimyakimya na kumshukuru Nyasae, Mungu wao. Jambo lilikuwa limekwisha. Ratemo alichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa tu. Pale mbele yake palikuwa na heshima yake yote, nyumba ya ndugu yake, mama yake aliyetulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na uzito wa mtoto aliyelala akipumua kwenye shati lake. Kila mtu humo ndani alitaka anyamaze. Na kunyamaza alikuwa amekuzoea.

Akamwangalia Eucabeth.

"Nilijua," alisema.

Hawakuelewa. Obadiah akauliza, "Ulijua nini?"

"Nilisikia chembe zikianguka upande wa kushoto. Jumatatu. Kabla hamjaanza kuchimba. Nilijua yuko pale." Sauti yake haikupanda. "Niliogopa kukosea tena mbele yenu. Ndiyo maana nilisema sijui."

Nje kuku walikuwa wakiparuaparua. Mzee mmoja alikohoa, akaanza kusema kwamba huzuni humfanya mtu ajisingizie, na hakuna aliyemsaidia kuimaliza sentensi hiyo. Mong'ina aliacha kulia, akawa anamwangalia mwanawe mkubwa jinsi anavyotazamwa mgeni ambaye bado hajasema ametoka wapi.

Eucabeth hakupiga kelele. Alivuka katikati ya watu, akapita mbele ya wazee bila kuinama, akapiga magoti mbele ya Ratemo. Akaingiza mikono chini ya kwapa za mtoto, akamtoa polepole asiamke, na kwenda naye kukaa upande wa wanawake, mgongo ukiwa umemwelekea.